Nusu ya Wagonjwa Hawana Kirusi? Subiri Kwanza

Mwaka wangu wa kwanza kwenye utafiti wa saratani ya mlango wa kizazi, nilibakiza kidogo tu nitangaze ugunduzi. Nilikuwa na vipande 40 vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta. Kazi yangu ilikuwa kutoa vinasaba na kutafuta aina za HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, kwa PCR (njia ya kunakili vinasaba mpaka vionekane), maana chanjo ya wasichana dhidi yake ilikuwa imeanza nchini mwaka 2018 na tulitaka kujua ni aina zipi wanazo mama zetu. Nikawasha taa ya urujuanimno juu ya jeli: sampuli 19 hazikuonyesha kirusi! Jioni ile, nimebanwa kwenye daladala la Mbagala, nilishatunga hadi kichwa cha ripoti.

Kesho yake msimamizi wangu aliitazama picha ile, akauliza swali moja: "Beta-globini umepima?"

Sikuwa nimepima. Wewe unayeanza, hapa ndipo nakuomba utulie. Karibu kila saratani ya mlango wa kizazi ina HPV ndani yake. Mtafiti Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walizipata aina ya 16 na ya 18 mwaka 1983 na 1984, na mwaka 2008 akapewa Nobel. Kirusi chenyewe hakilali humo bure: protini yake ya E6 inaiangamiza p53 inayolinda seli, na E7 inaifunga Rb, ambayo ndiyo breki ya kugawanyika. Sasa ukiona nusu ya wagonjwa wako hawana, zishuku sampuli zako kwanza. Beta-globini ni jeni ya kila binadamu. Isipoonekana, ujue vinasaba vyako vimeharibika, na "hana kirusi" yako haina maana yoyote.

Nikaipima. Kati ya zile 19, sampuli 16 hazikuwa nayo.

Chanzo nilikikuta kwenye chumba cha upasuaji ambacho sikuwahi kukikanyaga. Formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, ilikuwa inachanganywa na maji matupu, bila bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi. Ikikaa hivyo inageuka asidi, na asidi inakatakata vinasaba. Halafu uvimbe mzima ulikuwa unatumbukizwa kwenye kikopo kidogo. Formalini hupenya nyama polepole, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo katikati panaanza kuoza kabla dawa haijafika, na kwa joto la Dar la mwezi wa pili hapachukui muda. Hospitali siitaji, wala siilaumu. Mimi ndiye nilikuwa nazipokea sampuli kama mtu anayepokea mzigo stendi, sijui umetokea wapi wala umepitia wapi.

Kwa hiyo kabla hujaandika pendekezo lako, nenda ukashinde wiki nzima pale sampuli inapotoka. Uliza formalini inachanganywa na nani, na lini. Dawa iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande, na kipande kikatwe chembamba. Saa ya kuingia na ya kutoka ziandikwe: muda wa kukaa kwenye dawa usipungue saa 6, usizidi 72, na hapo ndipo Ijumaa mchana inapoua tafiti nyingi, maana kipande kinalala humo wikiendi nzima. Utaonekana msumbufu. Nenda na maandazi. Muuguzi akishajua kwa nini unauliza saa, atakuandikia hata siku ambayo haupo.

Ukitaka RNA, nakala za jeni ambazo seli inazitumia, shughuli ni nyingine kabisa. Hiyo inaharibiwa hata na jasho la kidole, na foleni haijui kama una deli la barafu mapajani. Siku moja barafu iliniishia njiani nikakimbilia Feri kununua kwa wauza samaki. Sampuli ilifika baridi, ila bajaji nzima ilinuka dagaa.

Zile zilizoharibika nazo usizitupe haraka. Praima (vipande vifupi vinavyoanzisha unakili) za MY09 na MY11 nilizotumia zinanakili kipande cha herufi za vinasaba kama 450, na vinasaba vilivyokatika havifiki huko. Nilipohamia GP5+ na GP6+, zinazotaka kama 150 tu, sampuli 12 kati ya 19 zikawaka.

Cha kulinganishia nilitumia HeLa, seli zenye HPV 18 zilizotoka kwa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951, bila yeye kuombwa ridhaa. Kila nilipofungua kichupa chake nilizikumbuka fomu zangu. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nilikuwa nacho, na fomu zilisema "uchambuzi wa kimolekuli". Awamu ya pili, mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hiyo nyama yangu mnaenda kuifanyia nini?" Nikaiweka fomu pembeni. Nikamwambia tunamtafuta mdudu aliyeanzisha ugonjwa, tujue ni wa aina gani, na jina lake halitaandikwa, itaandikwa namba. Akataka kuijua. Saba.

Basi kila tukikutana kliniki: "Saba yangu inaendeleaje?" Ilinichukua miezi miwili kupata ujasiri wa kumwambia kwamba majibu yale hayatabadilisha tiba yake. Wewe mwambie mgonjwa siku ileile, kabla hajashika kalamu.