Springi za mbele za Peugeot 504: usichague kwa urefu tu

Sheikh, 504 yako ya petroli imelala mbele, na hapo Chake Chake, Pemba, umeoneshwa springi "ndefu zaidi". Ziwache kwanza. Urefu peke yake hausemi kitu. Pima unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayocheza, yaani isiyokalia vikombe vya juu na chini. Unene ndio mkubwa wao: waya wa milimita 14 badala ya 13, mengine yakiwa sawa, huongeza ugumu kwa kama theluthi. Ndiyo maana springi za 504 ya dizeli, zilizotengenezewa injini nzito, zikifungwa kwenye petroli pua inanyanyuka na gari inarukaruka kila shimo.

Fundi akitaka kukata mzunguko mmoja, kataa. Mizunguko ikipungua springi inazidi ugumu, na ule mkato haukai sawa kwenye kikombe chake, pale springi inapokalia. Kikombe chenyewe kikwangue: maji ya chumvi hutuama pale, kutu ikala waya, na springi hukatikia hapo hapo.

Badilisha zote mbili, kushoto na kulia. Usiguse nati ya juu ya shokapu kabla ya kuibana springi kwa vibanio viwili vinavyokabiliana, ikifyatuka inaua. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, baadaye, springi zikishatulia.