CA 19-9 ya 300 kabla ya upasuaji wa kongosho

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama CA 19-9 (alama ya saratani inayopimwa kwenye damu) ya 300 kabla ya kuondolewa saratani ya kongosho ina maana baba hataishi muda mrefu. Namba hiyo peke yake haisemi hivyo. Je, macho yalikuwa ya manjano siku alipopimwa? Mrija wa nyongo ukiziba, CA 19-9 hupanda hata kwa asiye na saratani, kwa hiyo cha kuaminika ni kipimo kilichochukuliwa bilirubini (kemikali ya nyongo inayofanya macho kuwa ya manjano) ikishashuka.

Chenye uzito zaidi ni kile cha wiki chache baada ya upasuaji. Kikishuka chini ya 37, ni dalili njema. Kikibaki juu ya 90, hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa zaidi. (Wapo watu wachache, kama asilimia 5 hadi 10, ambao miili yao haitengenezi CA 19-9 kabisa. Kwao matokeo ya chini hayathibitishi lolote.)

Albumini (protini ya damu) na uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti (aina mbili za seli nyeupe za damu) navyo hutazamwa, ila hata maambukizi madogo huvivuruga, mimi nisingevitegemea. Ombeni ripoti ya patholojia (uchunguzi wa maabara wa sehemu iliyokatwa), muulize kuhusu tezi za limfu na kingo za sehemu hiyo, yaani kama saratani imefika huko.