Kabla hujashika wembe: majibu kwa wafugaji wa mbwa Tanga

Daktari, mjukuu wangu akija likizo anapiga chafya na macho yanamwasha kwa ajili ya mbwa. Nimnyoe mbwa manyoya yote? (Bibi, Chumbageni)

Shikamoo bibi. Wembe weka pembeni. Kinachomsumbua mtoto ni protini zilizomo kwenye mate, mkojo na mba wa mbwa. Manyoya yanazibeba tu. Mbwa hujilamba, mate yakakauka, yakapeperuka pamoja na vumbi. Ndiyo maana hata wale mbwa wanaouzwa bei ya kufuru eti hawaleti aleji, nao huwapigisha watu chafya. Ukimnyoa, mba atabaki, na jua la Tanga litamchoma ngozi.

Nyumba zetu nyingi mbwa haingii ndani kwa sababu ya twahara, na mwenye aleji hufaidika papo hapo. Endelea hivyo. Mtu mwingine amchane mbwa nje, mtoto anawe mikono kabla ya kujishika macho, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu. Zulia la chumba anacholala litoe kabisa. Akibanwa kifua, mpeleke hospitali, usisubiri jibu langu.

Mbwa wangu ana damu ya German Shepherd, ananyonyoka mwaka mzima. Anaumwa? (Raskazone)

Pengine hapana. Ana manyoya ya tabaka mbili. Kwenye nchi za baridi huyapukutisha zaidi misimu inapobadilika. Huku joto ni lile lile, basi hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima. Mpekue ngozi. Ikiwa safi, nunua brashi uzoee. Ukikuta mabaka ya upara, wekundu, harufu, au anajikuna mpaka usiku, fikiria viroboto, fangasi au upele. Na upo upele wa mbwa unaomwasha hata mwenye mbwa.

Halafu, anakula nini? Ugali mtupu hautoi manyoya mazuri. Mchanganyie dagaa, na Tanga hatuna kisingizio. Akiogelea baharini, mmwagie maji yasiyo ya chumvi, maana chumvi hukausha ngozi.

Jirani kanishauri nimwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe. (Pongwe)

Usithubutu. Utakisia kipimo, naye atajilamba. Chukua dawa ya mbwa, kwa uzito wake, na kama una paka uliza kwanza: dawa za mbwa zenye permethrini humuua paka. Kupe si wa kupuuzwa lakini, maana hueneza vijidudu vinavyoshambulia chembe za damu. Mbwa akisusa chakula, akawa na homa, ufizi ukapauka au damu ikamtoka puani, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mbwa wangu hatoki uani. Chanjo ya kichaa ya nini? (Sahare)

Mbwa koko wanaruka ukuta. Achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na mtu aking'atwa, na mbwa yeyote yule, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo aende hospitali.