Unga wa prebayotiki kwa kondoo: mpe mwanakondoo, mkubwa mwache

Mkuu, nimekusoma. Una kondoo kama arobaini, machotara wa Dorper na wa kienyeji. Tangu uwaingize kwenye mabaki ya mahindi na kuwaongezea pumba, wengine wanaharisha, wawili wamevimba chini ya taya, na muuza duka la pembejeo amekushauri ununue ndoo ya prebayotiki uwachanganyie wote "tumbo litulie". Mimi nafuga huku Monduli na unga huo nimeutumia misimu kadhaa. Ndoo usinunue. Nunua pakiti ndogo, tena kama tu una wanakondoo unaowanyonyesha kwa chupa.

Lakini hao wawili waliovimba taya ndio wa kuanza nao leo. Washike, vuta kope ya chini. Ukikuta nyama ya ndani imepauka badala ya kuwa nyekundu, shida si bakteria wa tumbo, yaelekea ni Haemonchus, minyoo wanaokaa tumbo la nne wakinyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kama mililita 0.05 kwa siku. Unaweza kuiona si kitu, ila minyoo 1,000 ndani ya kondoo mmoja ni mililita 50 za damu kila siku, na jike mmoja hutaga mayai 5,000 na zaidi kwa siku, yote yanamwagwa malishoni kwako. Hakuna unga wa prebayotiki utakaowatoa hao. Wape dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito, usikadirie kwa macho, kisha kagua kope za waliobaki. Kuna kadi iitwayo FAMACHA, ilibuniwa Afrika Kusini, ina rangi tano za kulinganishia kope. Bwana mifugo wako akiwa nayo muazime. Anza na wenye damu nyingi ya Dorper. Majaribio yaliyofanyika Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 yalionesha kuwa kondoo mwekundu wa Kimaasai anawastahimili minyoo hawa vizuri kuliko Dorper, na zizini kwangu naliona jambo hilo hilo kila baada ya masika.

Zingatia pia kwamba Haemonchus kwa kawaida hamharishi kondoo. Kwa hiyo huenda una matatizo mawili tofauti, na muuza duka amekupa jibu moja.

Sasa huo unga. Prebayotiki ni chakula cha bakteria wazuri, si bakteria wenyewe. Za madukani mara nyingi ni za namna mbili. Kuna sukari za mimea ambazo mnyama mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, kama inulini ya mizizi ya chikori, na nyingine utaona zimeandikwa FOS. Halafu kuna MOS, inayotoka kwenye ganda la hamira. Hii ina ujanja wake: E. koli na Salmonela, bakteria wanaoleta kuharisha, hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo kwa kung'ang'ania sukari iitwayo manosi. Wakiikuta MOS inapita, wanaishika hiyo na kutoka nayo kwenye kinyesi.

Kwa kuku na nguruwe mambo haya yanaeleweka, maana sukari hizo zinafika utumboni zikiwa nzima. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, watengenezaji wa vyakula vya mifugo walizigeukia sana bidhaa hizi. Kondoo mkubwa ni habari nyingine. Tumbo lake la kwanza linabeba zaidi ya lita 10, na kila mililita ina bakteria zaidi ya bilioni moja. Inulini ikitua humo inaliwa yote kabla haijauona utumbo. Wanaoila ni bakteria wale wale wanaochachusha majani, na gramu zako chache haziwaongezei chochote cha maana juu ya kilo nzima ya nyasi. Ndiyo maana hata majaribio ya watafiti kwa kondoo wakubwa yanapishana: hapa uzito umepanda kidogo, pale hakuna kitu. Mimi niligawa majike makundi mawili, malisho yale yale, mizani ile ile, na sikuona tofauti inayostahili bei ya unga.

Anayefaidika ni mwanakondoo. Akinyonya, iwe kwa mama au kwa chupa, mfereji ulio juu ya tumbo la kwanza hujikunja ukawa bomba, maziwa yakapitiliza hadi tumbo la nne. Chochote ulichokoroga kwenye maziwa kinafika utumboni. Isitoshe, wiki za mwanzo tumbo la kwanza bado changa. Linakomaa taratibu kadiri anavyoguguna majani, hadi kama wiki ya 8 hivi. Kipindi hicho ndicho E. koli anapowamaliza. Mayatima, na mapacha ambao mama hana maziwa ya kutosha, mimi huwapa MOS kwenye maziwa ya vuguvugu kwa kipimo cha pakiti hadi waache chupa. Wanaoharisha wanakuwa wachache na kinyesi kinashikamana mapema. Angalia tu wanyonye wenyewe. Ukimmiminia mdomoni kwa nguvu, mfereji haujifungi vizuri na unga unaishia tumbo la kwanza.

Hata hivyo siupi unga sifa zote, kwa sababu chupa zangu zinachemshwa kila siku na hakuna mwanakondoo anayekosa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 6 za mwanzo. Lengo ni kama asilimia 10 ya uzito wake ndani ya saa 24, yaani wa kilo 4 apate mililita 400. Kati ya dang'a na MOS, wala sihitaji kufikiri. Na mwanakondoo wa wiki 3 na kuendelea akiharisha damu, hiyo waza koksidia, vimelea vya utumbo, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Turudi kwa wakubwa wako wanaoharisha. Mshukiwa wangu ni hayo mahindi. Wanga ukiingia mwingi kwa ghafla, bakteria wa asidi ya laktiki wanazaliana, pH ya tumbo la kwanza inashuka chini ya 5.5 (ikishuka, asidi imezidi), na kondoo anaharisha, anazubaa, anaacha kucheua. Sasa fikiria: inulini na FOS nazo ni sukari za kuchachuka haraka. Kumpa kondoo mwenye asidi ni kumwagia moto petroli. Ondoa pumba, watoe kwenye mahindi, wape nyasi kavu, na umuulize daktari kipimo cha magadi cha kupunguza asidi. Wakishatulia, pumba zirudi kidogo kidogo kwa wiki mbili. Muulize pia chanjo ya Clostridium perfringens aina D, bakteria wa utumbo anayetoa sumu, maana kondoo aliyeshiba wanga ghafla ndiye unayemkuta amekufa asubuhi bila dalili.

Kama roho inakusukuma lazima uwape wakubwa kitu cha pakiti, afadhali hamira hai, ambayo ni probayotiki, yaani vijidudu vyenyewe vikiwa hai, si chakula chao. Yenyewe angalau kazi yake ni humo humo tumbo la kwanza, hasa wakati wa kubadilisha chakula. Iliyokaa juani dukani usiichukue, itakuwa imekufa.

Halafu soma kibandiko. Bidhaa nyingi huchanganywa na madini, na shaba inayomfaa ng'ombe au nguruwe inajilimbikiza kwenye ini la kondoo hadi kumuua. Ukiona monensini, hiyo ni dawa, haihusiani na prebayotiki, na kama una punda anayelamba mabaki ya kihori, kiasi kidogo tu kinamuua.

Kagua kope leo jioni, kisha tuandikie umekuta rangi gani. Na tupia picha ya kibandiko cha hiyo ndoo, upande wa viambato.