Uchumi Unapokua, Hasara Inaandikwa Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila mwaka tunaelezwa kwamba uchumi wa dunia umekua, lakini pengo kati ya matajiri na maskini bado ni kubwa, na ukuaji huohuo unalaumiwa kwa kuharibu mazingira. Je, nchi maskini ziache kuutafuta?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, wala si haki kuzitaka ziache. Tangu mwaka 1990 mamia ya mamilioni ya watu, wengi wao nchini China, wameondokana na ufukara kwa sababu uchumi ulikua, na mtu anayesomea kwa kibatari hana cha kupunguza. Ninachokitilia shaka ni kipimo chenyewe, kwani pato la taifa huhesabu kilichouzwa bila kutoa kilichoteketea. Simon Kuznets, aliyeandaa hesabu hizo nchini Marekani, alilitahadharisha Bunge mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kujulikana kwa kutazama pato lake.

Kitazame kisiwa cha Nauru katika Bahari ya Pasifiki, chenye kilomita za mraba 21 tu. Chini ya utawala wa kigeni fosfati yake ilichimbwa kwa miongo mingi ili kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Baada ya uhuru wa mwaka 1968 wenyeji waliendelea kuichimba, na katika miaka ya 1970 pato la kila mkazi lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Fosfati ilipopungua, sehemu ya katikati ya kisiwa ilibaki msitu wa mawe yaliyochongoka, pasipolimika wala kujengeka, na watu wakabaki wamebanana kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Mauzo yaliandikwa kila mwaka, ardhi iliyopotea haikuandikwa. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 1993 Australia ilikubali kulipa fidia.

Hewa ya ukaa, inayoongeza joto la dunia, haina mahakama nyepesi hivyo. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa hiyo inayotolewa duniani, ilhali ukame na mafuriko havibagui. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, ili kuzisaidia nchi zinazoendelea kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Zilifikisha mwaka 2022, sehemu kubwa ikiwa mikopo. Hilo linaniuma, kwa sababu anayelipa riba ndiye aliyechafua kidogo kuliko wote. Kwa hiyo nchi maskini na zikue, zikihesabu pia misitu na madini yanayoondoka, na wa kwanza kupunguza matumizi wawe waliokwisha kushiba.