Risiva ya Chini: Kipande Kidogo, Bunduki Kamili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho na mihogo wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Mdogo wangu yupo Texas, Marekani, kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki zake hununua vipande vya bunduki aina ya AR-15 na kuviunga wenyewe nyumbani, naye ananiuliza achague "risiva ya chini" ya namna gani. Ameahidi kuniletea kipande hicho ili nami niunge bunduki ya kufukuzia nguruwe pori wanaomaliza mihogo yangu. Ni kipande gani hicho, na kipi kinafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, risiva ya chini ni kiunzi kinachoshika kifyatulio na magazini, na nyuma yake hufungwa kitako; mtutu na bolti (kipande kinachofunga risasi ndani ya mtutu) hukaa kwenye risiva ya juu. Ukiiweka mezani ikiwa tupu, utaona kipande cha alumini chenye matundu, chepesi kuliko jembe lisilo na mpini. Hata hivyo, kwa sheria ya Marekani hicho ndicho bunduki yenyewe. Mtutu na kitako huuzwa kama spea za baiskeli, lakini risiva inayotoka kiwandani lazima iwe na namba ya utambulisho, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1968, na muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21. Hata baadhi ya zile zinazouzwa zikiwa hazijamalizika ziliingizwa katika utaratibu huo kwa kanuni ya mwaka 2022, ambayo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali Machi 2025.

Kwa ubora, wajuzi wengi hupendelea iliyofuliwa kwa alumini ya daraja la 7075, ambayo ni imara kuliko ya 6061. Iliyochongwa kutoka kwenye bonge la alumini hupendeza macho na huwa ghali, ingawa uzuri huo hauiongezei nguvu. Za plastiki ni rahisi, lakini hujulikana kwa kupasuka pale nyuma, kwenye pete inayoshika bomba la kitako.

Lakini mdogo wako asifike dukani kwanza. Mgeni mwenye viza ya muda, akiwemo mwanafunzi, kwa kawaida hukatazwa kununua na hata kumiliki silaha nchini humo, isipokuwa awe na sababu inayotambuliwa na sheria, kama vile leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Akikamatwa, masomo yake yatakuwa hatarini pamoja na uhuru wake.

Hilo la kukuletea, mwambie asahau kabisa. Kusafirisha risiva kutoka Marekani kunahitaji kibali cha serikali ya huko, na hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kuingiza wala kutengeneza silaha bila leseni. Msijifariji kwa kusema mafundi wa magobole wapo tangu enzi za babu zetu. Gobole lisilosajiliwa nalo ni kosa.

Kuhusu nguruwe, mwite afisa wanyamapori wa halmashauri akiwa bado anaweza kuziona nyayo na mashina yaliyofukuliwa. Ukiona bado unahitaji bunduki, anzia serikali ya kijiji chako na kituo cha polisi, uombe leseni ya silaha iliyokamilika kwa jina lako mwenyewe.