Nyumba ya Nyoka Itangulie, Nyoka Afuate

SWALI: Shikamoo, mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, na sasa tunaishi Columbus, Ohio. Kijana wangu wa miaka 13 amesoma habari za nyoka mwaka mzima na anaomba nimnunulie wa kwanza wa kufuga. Nimelelewa nikiambiwa kwamba mwana wa nyoka ni nyoka, na hata kamba gizani hunishtua, lakini nimeiona bidii ya mtoto na sitaki kumvunja moyo. Anayemtaka ni yule mwenye rangi ya machungwa wanayemwita nyoka wa mahindi. Muuza duka anasema tunaweza kuondoka siku hiyo hiyo na nyoka, sanduku la kioo na mkeka wa umeme wa kumpa joto. Je, hivyo vinatosha? Anahitaji makazi ya namna gani, anakula nini, na je, kuna hatari yoyote kwa mdogo wao mwenye miaka 3?

Mama wa watatu, Columbus

JIBU: Marahaba, mama. Nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kununua, kwa maana barua nyingi za nyoka hunifikia mnyama akiwa ameshadhurika. Hapana, havitoshi, na msiondoke na nyoka siku hiyo.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Nyoka mwenye afya njema kabisa anaweza kubeba tumboni bakteria wa salmonela, nao husambaa kupitia kinyesi hadi kwenye ngozi yake, maji yake na kila alipopita. Kwa mtu mzima, mara nyingi maambukizi hayo huishia kwenye kuhara na homa, lakini kwa mtoto mdogo yanaweza kuingia kwenye damu. Kwa sababu hiyo, CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, haishauri wanyama wa jamii hii wafugwe katika nyumba yenye mtoto aliye chini ya miaka 5. Ushauri wangu ni huo huo: subirini miaka miwili. Najua kijana hatafurahi, lakini mtoto wa miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, na hakuna mama anayeweza kumchunga kila dakika.

Miaka hiyo haitapotea. Mwache kijana akusanye vifaa kimoja kimoja kwa akiba yake, kwa sababu makazi yanapaswa kununuliwa, kupangwa, kuwashwa na kupimwa joto mchana na usiku kwa muda wa wiki nzima kabla nyoka hajaingia. Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kama sisi. Akishiba, huhitaji kuota joto ili chakula kimeng'enyeke, na akizidiwa huhamia kivulini. Porini hufanya hivyo mwenyewe siku nzima, lakini ndani ya sanduku hawezi kuchagua ila kile ulichomwekea. Mkikosea joto, atakataa kula, au atakula na kutapika, au ataugua mapafu, nanyi mtadhani mmeuziwa mnyama mgonjwa.

Mnyama aliyemchagua ni mzuri kwa anayeanza. Nyoka wa mahindi ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, hana sumu, huua panya kwa kuwabana, na akikomaa huwa na urefu wa kati ya sentimita 90 na 150. Hata hivyo huishi miaka 15 hadi 20, na wapo wanaopita hapo. Kijana akienda chuo, wewe ndiye utakayebaki na nyoka, kwa hiyo zungumzeni hilo sasa, na pia usome mkataba wenu wa pango, maana wenye nyumba wengi hawaruhusu. Sheria ya Ohio iliyopitishwa mwaka 2012 inawabana wenye nyoka wa sumu na majoka makubwa kama anakonda, wala haimgusi huyu. Lakini mkihamia jimbo la Georgia, ambako nyoka huyu ni wa porini, hamtaruhusiwa kumfuga. Mnunueni nyoka aliyezaliwa kizimbani, kwa mtu anayewazalisha mwenyewe, na mwombeni muuzaji awaonyeshe nyoka huyo akila.

Sasa kizimba. Aliyekomaa apewe chenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60, kwa kipimo cha chini, ili aweze kujinyoosha na kupanda. Nyoka mchanga anaweza kuanza katika kidogo zaidi, au akawekwa moja kwa moja katika hicho kikubwa iwapo kimejazwa matawi na maficho ya kutosha, kwa kuwa uwazi ndio unaomtisha. Mfuniko uwe na kufuli au komeo, kwani nyoka mchanga hupenya tundu ambalo hungedhani kidole kingeingia. Akae peke yake daima. Nyoka wa mahindi wamewahi kulana.

Upande mmoja wa kizimba uwe na joto na wa pili uwe na ubaridi. Penye joto, mahali anapojilaza pawe na nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, yaani takriban 84 hadi 90 za Farenhaiti, kama vipimajoto vya huko vinavyosoma, na upande wa pili uwe kati ya nyuzi 21 na 25. Usiku joto linaweza kushuka kidogo. Pimeni kwa vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya wa kupimia, kimoja kila upande, wala msitegemee vile vya duara vya kubandika ukutani, ambavyo hudanganya sana.

Kifaa ambacho muuza duka hakukitaja ndicho ambacho msikubali kukikosa kamwe: themostati, inayokata umeme joto likifika kiwango mlichoweka. Nyoka wangu wa kwanza niliuziwa pamoja na mkeka kama huo wenu, bila themostati. Siku ya nne nilimkuta amelala juu yake, magamba ya tumbo yamegeuka rangi ya kahawia na yanachubuka. Nyoka anaweza kubaki juu ya kitu kinachomuunguza bila kukimbia kama ambavyo sisi tungekimbia, na yule wangu alihitaji miezi ya matibabu ndipo ngozi ikarudi. Sijasahau, na ndiyo maana naandika kwa mkazo. Iwe ni mkeka au taa, kila chanzo cha joto kipite kwenye themostati. Taa iliyo ndani ya kizimba izungushiwe wavu asiweze kujiviringisha juu yake, na yale mawe ya umeme yauzwayo madukani myaache huko huko.

Chini tandikeni maranda yenye kina cha kutosha ili ajizike, lakini yasiwe ya mwerezi wala ya msonobari, ambayo harufu yake hudhuru mapafu; yale ya mti wa aspeni ndiyo yanayotumika zaidi. Wiki za mwanzo heri karatasi za jikoni, kwani juu yake utaona kinyesi na utitiri mapema. Maficho yawe mawili au zaidi, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, na yawe finyu kiasi kwamba mwili wake unagusa kuta. Akiwa na ficho moja tu, atalazimika kuchagua kati ya usalama na joto analolihitaji, na mara nyingi huchagua usalama. Ongezeni bakuli zito la maji ambalo anaweza kuingia na kujikunja, na mwanga wa saa 12 kwa siku.

Kuhusu chakula, hula panya waliokwisha kufa na kugandishwa, nao huuzwa kwa saizi. Nyoka mchanga hupewa kitoto cha panya kisicho na manyoya kila baada ya siku 5 hadi 7. Aliyekomaa hupewa panya mkubwa kila baada ya siku 10 hadi 14, asiyezidi sana unene wa sehemu nene ya mwili wa nyoka. Panya ayeyushwe usiku kucha ndani ya jokofu, kisha mfuko wake utiwe kwenye maji ya moto hadi apate joto la mwili. Asitiwe kwenye maikrowevu, kwa kuwa nyama huiva sehemu na kupasuka. Mpe kwa koleo refu, si kwa vidole. Panya hai asitumike, maana humng'ata nyoka na kumjeruhi vibaya. Baada ya kula asishikwe kwa saa 48, na akifika nyumbani mara ya kwanza asishikwe wiki nzima, wala kabla hajala bila shida walau mara mbili. Mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

SWALI: Ninaishi Manchester, Uingereza, na nyoka wangu wa mahindi wa mwaka mmoja amekataa chakula mara mbili mfululizo. Macho yake yamefunikwa na ukungu wa buluu na hatoki mafichoni. Je, anapofuka?

JIBU: Ndugu, hapofuki, anajiandaa kujivua gamba. Chini ya ngozi kuukuu hujaa majimaji, na kwa kuwa nyoka hana kope bali gamba angavu juu ya jicho, nalo huonekana la maziwa. Baada ya siku chache macho yatang'aa tena, na siku tatu au nne baadaye atajivua. Usimpe chakula wala usimshike kwa wakati huu, kwani haoni vizuri na huogopa. Unyevu wa kizimba uwe kati ya asilimia 40 na 60, na umwekee kikasha kilichofunikwa chenye taulo za karatasi zilizolowa, kiwe na tundu la kuingilia. Ngozi inapaswa kutoka nzima kama soksi. Ikitoka vipande vipande, mloweke katika maji ya vuguvugu yasiyomfika kichwani, na uitazame ncha ya mkia na macho. Gamba la jicho likibaki usilichokonoe kwa kucha, bali mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka. Vivyo hivyo ukisikia akikoroma au ukaona mapovu mdomoni, usisubiri siku ya pili.

SWALI: Mimi ni kijana wa Malindi. Nimemnasa nyoka wa kijani kwenye mwembe wetu, yumo ndani ya ndoo na ametulia kabisa. Naweza kuanza naye kufuga?

JIBU: Mwanangu, usimfuge, na usiifungue ndoo hiyo tena. Katika miembe ya pwani huishi nyoka wa kijani wasio na sumu, na huishi pia nyoka aitwaye mamba wa kijani, ambaye sumu yake huua, na mwingine aitwaye boomslang, ambaye sumu yake huharibu uwezo wa damu kuganda. Kuwatofautisha kwa macho si kazi ya anayeanza. Mwaka 1957, Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka aliyefanya kazi miaka mingi katika jumba la makumbusho la Chicago, aliumwa na boomslang mchanga aliyeletewa amtambue, hakuona haja ya kutibiwa, na alifariki siku iliyofuata. Utulivu wa nyoka wako ni wa woga, wala si dalili ya upole.

Isitoshe, sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayeweka mnyama wa porini awe na kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na nyoka aliyekamatwa mwituni mara nyingi hukataa kula na huja na vimelea. Weka kitu kizito juu ya mfuniko, acha matundu ya hewa yasiyopitisha hata ulimi wake, iweke ndoo chumbani penye kivuli, kisha uwapigie KWS au kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilichoko Watamu, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiwaondoa nyoka majumbani. Hapo Watamu utaweza pia kujifunza kuwatambua ukiwa nyuma ya kioo. Hadi watakapofika, funga mlango wa chumba na uwaondoe watoto na paka.